Viza, dakika 20 na bamvua: kwa mwanafunzi anayekwenda Bayreuth

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili hapa Unguja. Nakusanya maneno ya wavuvi wa Tumbatu: ya mitego, ya pepo na ya maji, na hadi sasa ninayo 140. Ikisiri yangu, yaani muhtasari wa makala, imekubaliwa katika Kongamano la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, mwezi Mei. Nimepewa dakika 20 za kuwasilisha na 10 za maswali. Sijawahi kutoka nje ya nchi. Msimamizi wangu kanipongeza tu, nami nimeona haya kumuuliza zaidi. Naanzia wapi? Na nikiulizwa nisilolijua mbele ya maprofesa wale, nifanyeje?"

Marahaba mwanangu, na hongera. Umemaliza barua yako kwa maprofesa, mimi naanza na viza. Profesa atakungoja hadi ufike. Ubalozi una kalenda yake.

Ujerumani imo katika eneo la Schengen, nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo unachoomba ni viza ya Schengen ya muda mfupi. Kanuni zinaruhusu maombi yapelekwe kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Hiyo 15 jifanye hujaiona. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15 tangu maombi yapokewe, lakini wakitaka kuchunguza zaidi wanaweza kwenda hadi 45, na hapo bado hujahesabu siku za kusubiri miadi. Kwa niliyoyaona, miadi imewakwamisha wanafunzi wengi kuliko karatasi zenyewe. Sasa ni Januari. Ingia kwenye tovuti ya ubalozi wiki hii, uone maombi yanapokelewa wapi na nafasi ya kwanza iko lini, hata kama barua ya chuo bado iko mezani kwa mkuu wa idara. Alama za vidole huwezi kumtuma mtu, lazima uende mwenyewe, basi nauli ya boti na malazi ya Dar yaingie kwenye hesabu. Faraja yake ni kwamba zikishachukuliwa huhifadhiwa kwa miezi 59, na safari ya pili ndani ya muda huo huwa nyepesi kidogo.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iendelee kuwa hai angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka Schengen. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi na ifanye kazi katika nchi zote za Schengen. Tiketi usinunue kwanza. Weka nafasi tu, uchapishe karatasi yake, ulipe viza ikishatoka. Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi.

Lakini kabla hujalipa, kuna jambo ambalo dirishani hakuna atakayekukumbusha. Kanuni za viza za Schengen zina msamaha wa ada kwa watafiti wanaosafiri kwenda kushiriki semina au kongamano la kisayansi, na upo pia wa wanafunzi wanaosafiri kwa ajili ya masomo. Kama unakuhusu wewe au la, wataamua wao kwa karatasi watakazoziona. Ndiyo maana barua ya mwaliko isiseme tu "tunamwalika fulani Bayreuth". Iseme kwamba unakuja kuwasilisha utafiti wako mwenyewe, itaje kichwa cha mada, tarehe, chuo unakotoka, na nani analipa nini: nauli, malazi, chakula, bima. Ukiwa na barua ya namna hiyo, uliza kwa adabu kama msamaha unakugusa. Pale maombi yanapopitia kwa wakala, ada yake ya huduma utalipa tu, hiyo haina msamaha.

Jina katika barua hiyo lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Kama ikisiri uliituma kama Mwanaidi na pasipoti inasema Mwanaid, au ulitumia majina mawili na pasipoti ina matatu, waandikie waandaaji leo wakurekebishie. Hawatakuona msumbufu, barua kama hizo wamezizoea.

Afisa atakayepokea faili lako ana swali moja kubwa: huyu atarudi? Yeye hakujui. Anachokiona ni kijana, mwanafunzi, hana mshahara, hajawahi kusafiri. Jibu lake linatakiwa liwe ndani ya karatasi: barua ya chuo inayosema umesajiliwa, uko mwaka wa ngapi, unatarajiwa kuwasilisha tasnifu lini, na msimamizi wako anakungoja. Ukiwa na kazi, hata ya muda, lete barua ya mwajiri yenye tarehe ya kurudi kazini.

Na taarifa ya benki, mwanangu, isipambwe. Najua jinsi familia zetu zinavyosaidiana: wiki moja kabla ya miadi mjomba anaingiza milioni nne kwenye akaunti iliyokuwa na elfu themanini tangu Agosti. Afisa anazisoma tarehe kabla hajasoma kiasi, na pesa ya namna hiyo inamwambia kuna kitu kinafichwa wakati hakuna. Kama mjomba ndiye anayekusaidia, basi mjomba aandike barua, aweke nakala ya kitambulisho chake na taarifa ya benki yake ya miezi kadhaa. Ukweli ulioandikwa vizuri una nguvu kuliko akaunti iliyojazwa juzi.

Unaweza kufanya yote hayo na bado ukanyimwa. Mwaka 2022, mkutano wa kimataifa wa UKIMWI ulipofanyika Montreal, Kanada, watafiti na wanaharakati wengi wa Kiafrika walibaki nyumbani kwa kunyimwa viza au kwa viza kuchelewa, na wengine walikuwa wamepangwa kuzungumza. Watafiti wa akili bandia walikutana na hali hiyohiyo katika mji huo mwaka 2018. Kelele zilizofuata zilichangia kuwafanya waandaaji wa makongamano ya fani hiyo waanze kuitazama Afrika, na Mei 2023 moja ya mikutano yao mikubwa, ICLR, ulifanyika Kigali. Nakuambia haya ili barua ya kukataliwa ikija usiisome kama hukumu ya utafiti wako. Soma kisanduku kilichowekewa alama, kwa sababu ni lazima waeleze sababu, na haki ya kupinga uamuzi inaelezwa hapohapo. Kisha waandikie Bayreuth siku hiyohiyo uulize kama unaweza kuwasilisha kwa njia ya video.

Pesa. Neno la kuogopa katika barua za ufadhili ni "tutakurudishia". Maana yake ni kwamba nauli unaitoa wewe kwanza, Aprili, na wao wanakulipa Julai, ukishawasilisha risiti. Wanafunzi wengi hulielewa neno hilo wakiwa tayari wamekwama. Uliza mapema, bila haya: je, mnaweza kununua tiketi wenyewe? Je, ada ya ushiriki mnaweza kunisamehe au kunipunguzia? Mwandaaji hawezi kukusamehe ada usiyoomba usamehewe. Kama ni lazima kurudishiwa, tunza kila kikaratasi, tiketi za treni na bodingi pasi zikiwemo. Fomu zao karibu zote zina nafasi ya IBAN, namba ya akaunti ya mtindo wa kimataifa, na benki za Tanzania hazitumii IBAN. Usibuni namba ya kujazia. Andika namba ya akaunti yako, jina la benki na tawi, na msimbo wa SWIFT unaoitambulisha benki kimataifa, kisha eleza kwa sentensi moja kwamba nchi yetu haina IBAN. Namjua mtu aliyeliacha pengo hilo wazi akidhani wataelewa, na pesa yake ikazunguka miezi mitano.

Nikiwa hapohapo kwenye pesa: kongamano lako ni la kweli, limekuwa likifanyika tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na Chuo cha Bayreuth kimejijengea jina katika masomo ya Afrika. Lakini jina lako likishaonekana kwenye ratiba ya mtandaoni, utaanza kupokea mialiko mingine, inayokuita "Profesa Mashuhuri" na kukutaka ukawasilishe katika kongamano linalochanganya isimu, uhandisi na afya ya mifugo kwenye hoteli moja. Ada mbele, majibu ndani ya saa 24. Futa.

Sasa tuje kwenye makala yako, ambako nataka tukae.

Maneno 140 hayaingii katika dakika 20. Hata 40 hayaingii. Kosa la karibu kila anayewasilisha mara ya kwanza ni kutaka kuonyesha kazi yote aliyoifanya, na matokeo yake anasoma mbio, mwenyekiti wa kikao anamwonyesha kikaratasi cha "dakika 1", na kile alichokigundua hasa kinabaki kwenye slaidi ya 31 ambayo hakuna aliyeiona. Chagua jambo moja. Ningekuwa wewe ningechukua maneno ya maji peke yake. Msikilizaji wa mjini anajua maji kujaa na kupwa, basi. Mvuvi wa Jongowe, kijiji cha Tumbatu, ana bamvua, maji yanapojaa sana na kutoka sana wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na ana maji mafu, mwezi unapoonekana nusu, bahari ikiwa imetulia. Katikati ya hayo mawili ana majina ya siku na hali ambayo wewe umeyarekodi na mimi siyajui. Hapo pana hoja: majina yanafuata mwezi au yanafuata kazi? Siku mbili zinazofanana kwa kina cha maji zina jina moja, au mvuvi wa dema, ule mtego wa samaki, anaziita hivi na wa nyavu anaziita vile? Maneno manane yaliyopangwa kujibu swali hilo yatakaa vichwani mwa watu. Yale 132 mengine yaweke kwenye jedwali la kurasa mbili, utoe nakala 30, ugawe mlangoni. Watakaoyataka watakufuata wenyewe.

Andika maneno ya dakika 17. Soma kwa sauti ukitazama saa, mbele ya mtu asiye wa fani yako. Dada yako anatosha. Atakapoanza kutazama simu, hapo ndipo pa kukata.

Lugha je? Bayreuth Kiswahili ni lugha ya ukumbini, pamoja na Kiingereza. Wasilisha kwa Kiswahili. Najua utashawishika kutumia Kiingereza ili uonekane msomi, na mimi nilishawishika hivyohivyo zamani. Lakini data yako ni ya Kiswahili, wavuvi walikueleza kwa Kitumbatu, na maswali yatakayokuja yatahusu maana ndogondogo ambazo Kiingereza kitakuzidi katikati ya jibu. Slaidi ndizo uziwekee muhtasari mfupi wa Kiingereza kwa wasiofahamu Kiswahili vizuri. Na usishangae utakapoulizwa swali na Mjerumani kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu cha kwenye daladala. Mshangao huo umewapotezea wengi sekunde 10 za mwanzo za jibu.

Kazi moja ya nyumbani ambayo msimamizi wako huenda hajakutajia: kila neno kati ya yale manane lifuatilie katika kamusi mbili kongwe. Ya Krapf ilitoka 1882, na kwa kiasi kikubwa inatokana na Kiswahili cha Mombasa. Ya Sacleux, ya Kiswahili na Kifaransa, ilitoka 1939 na imejaa maneno ya lahaja. Ya Krapf imeskaniwa na kuwekwa mtandaoni. Ya Sacleux usipoipata, mwombe mwenyeji wako akupigie picha kurasa unazozihitaji. Ukumbini kutakuwa na mtu aliyezoea kuishi na Sacleux, na ataguna au atainua mkono: "Neno hili limo, ila kwa maana tofauti." Ukiwa umeshaliona, swali lake linakuwa zawadi, kwa sababu unaweza kusema: ndiyo, 1939 liliandikwa hivi, na leo kijijini Gomani, hukohuko Tumbatu, wanalitumia hivi. Wewe na yeye mnakuwa mmeongeza kitu ambacho kamusi peke yake haikuwa nacho, na wavuvi peke yao hawakuwa wamekiandika.

Nije kwenye hofu yako. Katika kongamano langu la kwanza niliulizwa asili ya neno fulani. Sikuijua. Nikajibu kwamba limetoka Kiarabu, kwa sababu masikioni mwangu lilikuwa na sauti ya Kiarabu. Mzee mmoja safu ya pili akaniuliza kwa upole sana, mzizi wake ni upi? Sikuwa na mzizi. Hakucheka, wala hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma. Kilichonikwaza hakikuwa kutokujua. Nilidai kitu ambacho sikuwa nacho mkononi.

Kwa hiyo jibu la kujifunza kwa moyo ni hili: "Hilo sikuwauliza. Nilichonacho ni kauli za wavuvi kadhaa wa vijiji viwili, nikirudi nitawauliza." Taja idadi kamili. Jibu hilo halina aibu hata kidogo, kwa sababu linaonyesha unajua mpaka wa kazi yako ulipo. Baadhi ya maswali unaweza kuyatabiri kutoka hapa nilipokaa. Uliwahoji wanaume tu? Wanawake wanaokwenda pweza miambani wakati wa bamvua wanatumia majina hayohayo? Vijana wenye boti za mashine bado wanayajua? Uliwarekodi kwa ridhaa yao, na sauti hizo zinahifadhiwa wapi? Ulikuwa na kibali cha utafiti? Kama jibu la lile la wanawake ni "sikuwahoji", bado una miezi minne. Panda boti uende Tumbatu hata siku tatu.

Kuna na swali lisilo swali. Mtu husimama, akazungumza dakika tatu kuhusu utafiti wake yeye, akakaa. Usihangaike kulitafutia jibu. "Ahsante, nitapenda tuendelee kuzungumza wakati wa kahawa," basi, umgeukie anayefuata. Maswali yote uyaandike kwenye daftari, hata ukiwa unatetemeka. Jioni hutayakumbuka, nami nimepoteza maswali mazuri kwa kuamini nitayakumbuka.

Nje ya ukumbi, usikae meza ya Watanzania na Wakenya siku zote. Najua ndiyo yenye mzaha na chai nzuri. Ratiba ikitoka chagua watu watatu ambao umesoma kazi zao, uwaandikie kabla ya safari sentensi tano: wewe ni nani, umesoma nini chao, utawasilisha lini, ungependa kuwauliza nini. Mtu aliyeandikiwa hivyo hukutafuta yeye.

Safari yenyewe haina makubwa. Bayreuth haina uwanja mkubwa wa ndege; wengi hushukia Frankfurt au Munich, wakachukua treni hadi Nürnberg, na kutoka hapo ni kama saa moja kwa treni ndogo. Angalizo: baadhi ya treni za upande huo hukatwa njiani, mabehewa mengine yakaenda huku na mengine kule, hivyo soma maandishi ya behewa lako kabla hujakaa, au muulize aliye karibu. Mwaliko, bima na anwani ya malazi viwe kwenye mkoba wa mkononi, maana afisa wa mpakani ana haki ya kuviona hata kama viza unayo. Wasilisho lako liwe kwenye flashi, kwenye barua pepe, na nakala moja ya karatasi.

Mei kwetu ni masika, kwao ni majira ya kuchipua, lakini usiku ni baridi kwa mtu wa Unguja, kwa hiyo chukua sweta nzito. Kama unaswali, jua mwishoni mwa Mei linazama kiasi cha saa tatu usiku, hivyo magharibi inakuja wakati umeshazoea kulala na isha inasogea kuelekea saa sita. Soseji za huko nyingi ni za nguruwe. Waandaaji ukiwaambia mapema kwamba huli, chakula chako kitapangwa. Jumapili na sikukuu maduka hufungwa, na Mei ina sikukuu, basi nunua maji na matunda siku iliyotangulia, ingawa maji ya bomba nayo yanakunywika. Ukipata saa mbili za bure, nenda Iwalewahaus, nyumba ya sanaa za Afrika ya chuo hicho, iliyoanzishwa 1981. Kuna vitu vyetu kule ambavyo hutaviona hapa.

Ukirudi, wiki ya kwanza waandikie wale watatu, na yeyote aliyekuuliza swali zuri, umweleze umelifanyia nini. Makala yako ukishairekebisha kwa maswali yale, fikiria kuipeleka jarida la Swahili Forum. Linasomwa bure mtandaoni, hivyo hata mwalimu wa skuli ya Jongowe anaweza kuifungua kwenye simu na kuwasomea wenyewe waliokupa maneno.

Mwaliko ukifika, nitumie nakala yake kabla hujapanda boti ya kuja Dar. Tutaupitia pamoja, hasa jina na ule mstari wa nani analipa nini.